Kucha za Felista

Mwaka 2014 Ziada Mselemu alirudi Singida kutoka Dodoma akiwa na taa ya kukaushia jeli ya kucha, chupa kumi na mbili za rangi, na imani kwamba kucha nzuri ni kucha ndefu. Kwa binamu yake mwenye saluni, alikokaa miezi mitatu akijifunza kazi, hakuwahi kusikia jingine. Akapanga kona ya saluni moja pale Mandewa, na kila aliyeketi mezani pake aliondoka na kucha za kubandika, ndefu za kutisha.

Lucy ndiye aliyemfumbua macho. Alikuwa mke wa mfugaji kule Ikungi, na kila alfajiri alikamua ng'ombe wanne. Siku ya nne baada ya kubandikwa alirudi, kidole kimefungwa kitambaa. Alipokifungua, Ziada aliona kucha ya bandia imenyanyuka pamoja na ile ya asili, damu imeganda pembeni.

"Sikuja kugombana, mdogo wangu," Lucy alisema. "Nimekuja uone."

Afadhali angegombana. Ziada alimpeleka zahanati, akarudi, akaifunika meza yake kwa kitenge. Siku mbili hakumgusa mteja. Siku ya tatu akaanza kujifunza upya, safari hii kwa mikono yake mwenyewe. Kila kidole alikipa urefu wake na jeli yake, kisha akasonga ugali, akafua, akachota maji, akaangalia.

Plastiki ndefu juu ya kucha fupi iling'oka kwanza. Kucha fupi aliyoipaka jeli nyepesi na kuifunika hadi ukingoni ilidumu wiki tatu. Iliyovuka kidogo ncha ya kidole ilitaka jeli nzito, iliyojengwa juu kama nundu ya ng'ombe, maana hapo katikati ndipo kucha hupindia. Na urefu wa kuongeza ulishika pale tu kucha ya asili ilipokuwa na nafasi ya kuubeba.

Miezi michache baadaye akaja Felista, binti kutoka kijiji cha Ulemo, na shangazi yake. Harusi ya Felista ilikuwa baada ya wiki saba. Shangazi alinyoosha simu yenye picha ya bibi harusi mwenye kucha kama miiba.

"Hizi hizi," akasema.

Ziada alivishika vidole vya Felista. Kucha zilikuwa zimeliwa hadi nyamani.

"Nilianza kuzitafuna baba alipofariki," Felista alinong'ona, akitaka kurudisha mikono mapajani.

"Shangazi, hizi ndefu siwezi kuzibandika hapa," Ziada alisema. "Hakuna pa kushikia. Zitang'oka na nyama yake."

"Sema tu hujui kazi."

Maneno yalimchoma, lakini Ziada hakuachia ile mikono. "Nipe hizo wiki saba, Felista. Uje kila baada ya wiki mbili. Tutazikuza zako."

Shangazi alitoka nje akisonya. Felista alibaki kitini.

Siku hiyo Ziada alimpaka jeli nyepesi isiyo na rangi, akaikausha kwa taa. Felista akajaribu kung'ata kidole gumba, meno yakateleza. Wote wawili wakacheka. Wiki mbili baadaye alishuka kwenye basi akiwa na mstari mwembamba mweupe kwenye vidole sita. Vinne alikuwa amevitafuna tena, akaona haya.

"Sita ni vingi," Ziada alimwambia, akaanza upya na vile vinne.

Safari ya tatu vyote kumi vilikuwa na kitu. Katika wiki ya saba kucha zilikuwa zimevuka nyama kidogo tu, na Ziada akazijengea jeli nzito, akamalizia kwa rangi ya waridi iliyopauka. Felista aliinua mikono dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena. Kanisani, walisema waliokuwapo, alivua glavu kabla hajaambiwa.

Jumatatu iliyofuata shangazi aliingia saluni peke yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Akaketi, akaweka mezani mikono miwili yenye mikwaruzo. "Yule mtoto hali kucha tena. Haya, na mimi utanifanyia zipi?"

Ziada aliivuta taa karibu. "Kwanza niambie, shangazi, unalima nini?"

"Vitunguu."

"Basi tunakata fupi," Ziada akasema, na shangazi hakubisha.