Mwalimu wa Mawe ya Angani

Jumatatu nilikuwa shambani kwetu Gesima nikichuma majani chai, nikaona mjukuu wangu anashuka mteremko na sare ya shule kabla hata ya saa sita. Akasema mwalimu wao wa sayansi amekufa, moyo umesimama akisahihisha vitabu. Nikamwambia sawa, nikaendelea kuchuma mpaka kikapu kikajaa. Nyinyi mnaonisoma hapa mnajua mimi si mtu wa kukaa kimya, lakini mpaka leo sijalia, na nikila chakula ni kama natafuna karatasi.

Mwalimu huyo alitoka upande wa ziwa. Kikwetu alijua salamu tu, kwa hivyo tuliongea Kiswahili, chake kizuri na changu hiki. Aliwafundisha watoto wetu kutafuta mawe yanayotembea angani, na hawakuwa wakitazama juu. Picha nne za mahali pamoja zilitoka kwa darubini kubwa ng'ambo, nao wakazitazama kwa kompyuta, picha moja baada ya nyingine. Nyota hukaa pale pale. Kidoa kikisonga, huenda ni jiwe, na anayetangulia kuliripoti ndiye huandikwa kuwa mgunduzi wake. Mwaka jana mjukuu wangu aliona kidoa kikisonga. Ijumaa mchana mwalimu akapanda mpaka kwangu kuomba ruhusa: kesho msichana aje shuleni, apime, atume ripoti. Nikamwambia kesho ni Sabato. "Hilo jiwe linazunguka tangu Mungu aliumbe, Mwalimu. Siku moja itaumiza nini?" Akacheka. "Jiwe halina haraka, mama. Wenye haraka ni wale wengine wanaolitafuta." Basi atume mwalimu mwenyewe, nikasema, si yeye ni mtu wa Jumapili? Akatikisa kichwa. "Aliyeliona ni msichana. Nikituma mimi, nimemwibia."

Walituma Jumapili asubuhi. Jibu likaja kwamba kuna wengine wametangulia. Wiki nzima msichana alinipakulia chakula bila neno. Nilimngoja mwalimu aje kunilaumu. Akaja na zile picha nne amezichapisha, akazipanga mezani, akaniambia nitafute. Mimi, niliyeacha shule darasa la tatu. Nilitafuta mpaka chai ikapoa. Nilipoweka kidole penyewe, akamwita msichana aje aone, na hapo ndipo tulipoanza kusemezana tena.

Sabato siijutii, mchungaji asiogope. Ninajutia kwamba Ijumaa ile msichana alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga, nami nikajibu kana kwamba jiwe nimeliona mimi. Pengine angechagua kubaki aombe. Pengine angeenda. Nilitaka kumwambia mwalimu hivyo, nikawa naahirisha. Jana msichana ameniambia picha mpya zimefika, na siku ya mwisho ya kuripoti ni Jumamosi, Sabato tena. Nikafungua mdomo, nikaufunga, kisha nikamwuliza yeye anaonaje. Akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Wenye wajukuu, waulizeni. Ijumaa ile mwalimu aliongea na mimi huku akimtazama msichana pale mlangoni, na mimi sikugeuza shingo.