Nilivyoulizwa Habari za Mwanangu

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alianguka kutoka juu ya mnazi huko kwetu Msambweni akavunjika kiuno, nami nikatolewa shule nikiwa darasa la tatu. Mama alinikalisha chini, akanipa fito na rundo la majani ya mnazi yaliyokauka, akasema, "Shona." Nikashona makuti. Nimeshona ya mabanda ya mbuzi, nimeshona ya nyumba za watu, na hoteli zilipozidi kuota Diani nikashona ya hoteli. Baadaye nikaacha kushona nikawa mwenye yadi, wengine wakanishonea. Sikufundishwa na mtu wala sikuajiriwa na mtu. Nalisema kwa kujivuna, na kujivuna huko ndiko kulikoniponza.

Kitindamimba wangu, binti, alisoma mpaka akaingia chuo kikuu Mombasa kusomea biashara. Nilimcheka.

"Biashara inasomewa?" nilimwuliza. "Mimi nimeisomea wapi?"

"Wewe umeisomea juani, mama. Mimi nataka kuisomea kivulini."

Ana mdomo. Ameurithi.

Pale chuoni kwao kuna ofisi nzima ambayo shughuli yake ni kuwatafutia wanafunzi njia ya kazi. Aliponieleza sikuamini. Mtu mzima amekaa kwenye kiti, analipwa kuwafundisha watoto wa watu kuandika barua ya kuomba kazi na kuketi mbele ya mwajiri, hata mikono waiweke wapi! Ofisi hiyo pia huwataka wakafanye kazi mahali kwa miezi mitatu, wao wanaita atachimenti, na lazima awepo msimamizi wa kutia sahihi kwenye daftari lao. Mwanangu aliomba hoteli tano. Hakuna iliyomjibu. Akaja kwangu.

"Nitakufanyia kazi wewe," akasema. "Lakini ukiulizwa, wewe ni mwenye yadi. Usiseme ni mama yangu, hawataamini neno lako hata moja."

"Nikane uchungu wangu?"

"Usikane. Nyamaza tu."

Basi akaja yadini, Bongwe. Siku hizo hoteli moja ilikuwa imenirudishia lori zima kwa sababu makuti yalishonwa majani yakiachana, ukiyainua unaona jua. Mimi dawa yangu ilikuwa moja, kuwapigia wanawake kelele, na miaka yote hiyo haikuponya kitu. Mwanangu hakupiga kelele. Aliketi nao juma zima akashona mpaka vidole vikamchubuka. Halafu akakata vijiti, akavichonga alama kwa kisu, akampa kila mshonaji chake: jani moja kila palipo na alama. Makuti yakatoka sawasawa, ya huyu na ya yule huwezi kuyatofautisha. Lori halikurudishwa tena. Kisha akazunguka mahotelini akiwauliza mafundi wao hubadilisha mapaa mwezi gani, tukawa twashona kabla hawajaagiza. Miaka arubaini mimi sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nakaa nangoja simu.

Nilimwambia nini? Nilimwambia chai aliyonipikia imepoa.

Alipomaliza chuo, ile ofisi haikumtupa. Kulikuwa na kampuni Mombasa inayosafirisha matunda nchi za nje, ikichukua wahitimu wachache na kuwafunza kazi mwaka mmoja, na anayefaa anabaki. Mshauri wa chuo alimsaidia kuipanga barua, akamketisha akamwuliza maswali ya kujaribia, akamwambia asione haya kukitaja kile kijiti. Akaenda kuhojiwa. Alirudi akicheka peke yake njiani kama mwendawazimu.

"Wamenipenda, mama. Wamebakisha kumpigia msimamizi wangu tu."

"Nani huyo?" nikajitia sijui.

"Wewe! Jibu vizuri, nakuomba."

Akapiga pasi nguo tatu akazitundika kwenye misumari ukutani. Ya Jumatatu, ya Jumanne, ya Jumatano. Akasema za siku zilizobaki atanunua akishaanza.

Asiyekuwa wa huku lazima nimweleze jambo. Sisi mtoto wetu hatumsifu mbele za watu. Mtoto mchanga akiwa mzuri, wageni wanamwita mbaya, na mama yake anashukuru. Ukimsifu umemweka uwanjani jicho limpate. Mtu akikwambia mwanao ana akili, unamjibu, "Akili gani, kichwa maji huyo," na kila aliyepo anajua umesema alhamdulillahi. Mzazi anayemsifu mwanawe mwenyewe, watu humtazama kwa pembe ya jicho. Mimi nimezaa watano na sijapata kumsifu hata mmoja.

Simu ililia asubuhi tukiwa kazini. Sikio langu la kulia limechoka, kwa hivyo simu yangu huwa naiweka sauti ya juu, na wanawake wote waliokuwa wakishona walisikia. Alikuwa mama mmoja wa bara, ana haraka lakini ana adabu.

"Habari yako mama? Kuna msichana ametupea namba yako, anasema alifanya kazi kwako miezi tatu. Unaeza niambia ni mfanyakazi wa aina gani?"

Wanawake wakanitazama. Mtoto wangu anauliziwa hadharani. Mdomo wangu ukajibu wenyewe.

"Huyo? Huyo bado, mama. Mvivu huyo, hata chai hajui kupika. Twavumiliana tu."

Wanawake wakacheka. Nikazidi kunogewa.

"Kwa hivyo mtu anaeza muachia kazi afanye peke yake?"

"Umwachie? Labda umwachie akalale!"

Wakaangua kicheko, mmoja akapiga makofi. Upande wa pili nikasikia vidole vikichapa kwenye mashine.

"Sawa. Asante sana, mama. Ni wachache wanatuambianga ukweli."

Akakata. Wenzangu bado wanacheka, na mimi kicheko kimekwisha. Neno lile la ukweli lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki changu. Mama yule hakujua kuwa mimi ni mzazi, wala hakujua huku twasemaje. Alilolisikia ni mwenye yadi akimwambia kuwa binti huyu havunji hata ukuti.

Jirani yangu, tuliyeanza kushona naye tukiwa wasichana, aliweka ufito wake chini.

"Shoga, yule si wa huku. Mpigie umwambie ni mwanao."

"Nitampigia."

"Sasa hivi."

"Nimesema nitampigia, wee! Kwani simu itaota mbawa?"

Sikumpigia. Nambari ilikuwa palepale, kidole kimoja tu. Nikasema acha kwanza lori lipakiwe. Likapakiwa. Nikasema acha niswali adhuhuri. Nikaswali. Kesho yake nikaona haya, nikajiambia mwajiri mwenye akili atajua mwenyewe. Hayo yote niliyasema moyoni ili nisilisikie lililokuwa chini yake. Lililokuwa chini yake ni hili: nilivitazama vile vijiti mikononi mwa wanawake, nikaitazama yadi yangu, nikajiuliza, akiondoka huyu nitabaki na nani? Wanangu wengine wana mambo yao. Huyu ndiye aliyeielewa yadi. Mungu anisamehe, nilitaka akataliwe.

Majibu yalikuja kwa simu yake baada ya wiki mbili. Aliyasoma akiwa amesimama mlangoni. Alizitungua zile nguo tatu, akazikunja, akazirudisha sandukuni. Jumatatu akaja yadini amejifunga leso kuukuu, akachukua fito akaketi kati ya wanawake.

Nami nilifurahi. Naliandika hivyo hivyo lilivyokuwa.

Furaha yangu ilidumu siku nne. Yule mshauri wa chuo, ambaye ni kijana tu, aliwauliza kampuni kilichoharibika, ili amsaidie mwanafunzi wake asirudie kosa. Wakamwambia. Akamwambia mwanangu. Binti akaja mpaka mbele yangu yadini, macho makavu.

"Mama, ulisema mimi niachiwe nikalale?"

"Ni maneno ya desturi, mwanangu. Kila mzazi husema hivyo."

"Hakujua wewe ni mzazi."

"Si wewe uliyeniambia ninyamaze?"

"Nilikwambia unyamaze!" akasema. "Sikukwambia unitukane. Desturi ni kwa majirani, mama. Yule alikuwa anaandika!"

Jirani yangu aliinamisha kichwa akaendelea kushona. Neno moja tu lake lingenivua nguo pale. Hakulisema. Mpaka leo hajalisema, na kila nikimtazama nahisi ananibebea mzigo wangu.

Nilivaa buibui langu la Idd nikavuka feri kwenda chuoni. Nilimkuta mshauri yule ofisini kwake. Alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye msimamizi mwongo."

Nilidhani atanifukuza. Alinivutia kiti. Akaniambia nafasi ile imeshachukuliwa na mwingine, haiwezi kurudi. Lakini kazi ziko nyingine, na kila mwajiri atauliza.

"Andika barua, mama. Useme waziwazi kuwa wewe ni mama yake. Waache wapime wenyewe."

"Andika wewe, mimi nitasema."

"Hapana. Kwa mkono wako."

Darasa la tatu. Asubuhi nzima ilikwisha kwa mistari minne. Jasho lilinitoka kuliko siku ya kupakia lori. Niliandika: *Mimi ni mama yake na nilikuwa bosi wake. Kabla hajaja makuti yetu yalirudishwa. Alipokuja hayakurudishwa tena. Mvivu si yeye, mashallah.* Ilikuwa mara ya kwanza kumsifu mtoto wangu, na nilimsifu kwenye karatasi, mbele ya mtu nisiyemjua, nikiogopa jicho.

Kazi aliipata baada ya miezi saba, kwa barua ile na kwa juhudi ya ile ofisi niliyoicheka. Iko bara, kwenye kiwanda cha maziwa, safari ya siku nzima. Ile ya Mombasa angekuwa akirudi nyumbani kila Ijumaa. Sasa nampata Idd kwa Idd, na mara ya mwisho alikaa siku mbili.

Hupiga simu. Aliniambia amenisamehe, desturi ni desturi, hata yeye amewasimulia wenzake kazini wakacheka. Lakini amenisamehe maneno niliyoyasema. Simu ambayo sikuipiga haijui, na kwa hiyo msamaha wake naula kama chakula cha wizi. Nimeona nikifa nayo itakuwa mbaya zaidi. Karatasi hizi, zilizonichukua mwaka mzima kuziandika, nitampelekea yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine kuzisoma.

Leo nina yadi Bongwe, ina hati, jina langu. Nina malori mawili, moja bovu. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne, paa la mabati. Nina minazi sitini na mitatu Msambweni, pamoja na ule uliomwangusha baba, ambao haukwewi. Nina vijiti kumi na vinne vyenye alama. Nina simu moja, bado naiweka sauti ya juu, na nambari ya yule mama wa kampuni imo.