Mama wa Choo cha Soko

Siku ya kwanza nilijaribu kupunguziwa bei ya choo. Mama anayesimamia vyoo vya soko letu la vitambaa vya batiki hapa mjini Solo, mfupi, mwenye kunukia mafuta ya mikaratusi, alinitazama mpaka nikabana miguu. "Endelea kubishana, Bwana Sudarmo, mimi sina haraka." Nililipa. Mikono yake haitulii: mmoja una ufagio, mwingine unagonga mlango wa aliyekawia. Sauti yake inafika hadi kibandani kwangu. "Mara ya kumi na moja hii, na mchana bado! Umemeza kisima?" Nilimjibu kuwa ni kiu ya pilipili, nikaituliza kwa chai tamu, glasi moja pamoja na kila mteja, maana hapa huuzi kitambaa bila chai. Kiu ikazidi.

Ndipo akaanza kunipangia vyumba: leo cha kwanza, kesho cha tatu. Siku ya nne alinivuta shati mbele ya wateja wangu hadi chooni, akanionyesha sakafuni msururu wa sisimizi. "Kila chumba unachoingia, wanahamia. Hiyo si pilipili, ni sukari. Nenda zahanati!"

"Labda wamefuata sabuni yako."

"Sabuni? Tangu lini mimi nikaweka sabuni?"

Zahanati walinitoboa kidole, wakasema ni kisukari. Sasa nakunywa dawa na chai bila sukari, kiu imekatika, nalala hadi asubuhi. Yeye amempoteza mteja wake mkubwa, na analitangazia soko zima: "Mara tatu tu leo! Mdomo wangu huu umeniponza!"