Msikiti Katikati ya Kanga

Mwalimu wetu alipokaribia kujifungua aliniita nyuma ya ukumbi akanipa daftari lake. Ukumbi wenyewe ulikuwa Kariakoo, hatua chache kutoka sokoni. Kila Jumanne na Alhamisi, baada ya adhuhuri, wanawake walikuja pale kujifunza kushona, kudarizi na kuchora nakshi. Mimi nilikuwa mwanafunzi kama wao, mdogo kuliko wote, lakini nilikuwa na mkono wa kuchora, na nilikuwa nimemaliza darasa la nne, kwa hiyo mwandiko wake niliweza kuusoma.

"Wiki sita tu," alisema. "Kushona watashona wenyewe. Wewe wafundishe kupanga nakshi. Nikirudi nikakuta bado wanakuja, nitaomba ubaki kuwa msaidizi wangu."

Sikumjibu. Watu wengi nilikuwa siwajibu. Lakini jambo hilo nililitaka kuliko kitu chochote. Kwetu msichana akishavunja ungo hukaa ndani mpaka aolewe, na mimi nilikuwa nimekaa ndani miaka miwili, kila ufa wa ukuta wa uani ninaujua. Mwalimu ndiye aliyekuja kumwomba baba anitoe. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli, mtaa wa Gerezani. Alifikiri siku tatu, kisha akakubali kwa sharti moja.

"Nikisikia watu wanakucheka," alisema, "unarudi ndani."

Katika daftari la mwalimu kulikuwa na maneno manne yaliyopigiwa mstari: mizani, marudio, nafasi, na mahali pa jicho. Chini ya kila neno aliandika maelezo mafupi. Mizani, upande mmoja usiuzidi mwingine kwa uzito. Marudio, umbo lirudi tena na tena kama hatua za mtu. Nafasi, usijaze kila mahali. Mahali pa jicho, pawe na kitu kimoja ambacho mtu atakiona kwanza. Niliyajua yote kwa moyo.

Siku ya kwanza walikuwa wanawake kumi na wawili. Niliwaamkia kwa sauti ambayo nadhani wa mbele tu ndio waliisikia, nikageukia ubao, nikaanza kuandika. Niliandika muda mrefu. Wengi wao hawakujua kusoma, na mimi nililijua hilo, ila kuandika kulikuwa afadhali kuliko kugeuka.

"Mwalimu," akasema mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na soko, jirani yetu wa mtaa wa pili. "Mgongo wako tumeshauzoea. Uso utatufundisha lini?"

"Mwacheni, mwali huyo," akasema mwingine.

"Mwali gani anashika chaki?"

Wiki ya pili walikuja wanane. Nikaona maneno hayatanifaa, niwaonyeshe kwa kuchora. Wote walivaa kanga, basi nitachora kanga. Jumatano nzima nilikaa uani na karatasi kubwa ya kufungia sukari. Nilichora pindo la korosho kuzunguka pande zote nne. Katika mji, yaani sehemu ile ya kati inayozungukwa na pindo, nilichora msikiti wenye kuba na minara miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Kwenye kila pembe niliweka hilali. Mizani ilikuwapo, marudio yalikuwapo, nafasi niliiacha, na jicho lilikwenda moja kwa moja kwenye kuba. Nilipomaliza nilimwonyesha mama, akasema ni nzuri.

Alhamisi nikaitundika ubaoni. Wakaikazia macho, nami nikafikiri wamependa. Yule mama wa vitumbua akainuka, akaja karibu, akapitisha kidole juu ya minara.

"Mashaallah. Mkono huu Mungu auhifadhi. Hebu nikuulize, mwanangu. Mtu akijifunga kanga hii, hapa katikati panafika wapi?"

Akavua kanga ya mabegani, akajifunga kiunoni, akatugeuzia mgongo, akajipiga kofi makalioni.

"Panafika hapa! Na mimi nashinda juu ya kigoda nakaanga vitumbua. Kutwa nzima niukalie msikiti?"

Walicheka mpaka waliokuwa upande wa vyerehani wakaja kuuliza kuna nini, wakaelezwa, nao wakacheka. Nilikuwa nimevaa kanga tangu nijue kusimama. Nilikuwa mtoto wa baba ambaye hata viatu haviruhusu kuelekezwa upande wa msikiti. Na bado sikuliona, kwa sababu nilichora kanga kama karatasi iliyolala juu ya meza. Nikaibandua, nikaikunja, nikaondoka kabla ya wakati.

Sasa sharti la baba lilikuwa limevunjika, imebaki tu alisikie. Mama wa vitumbua alipita mbele ya baraza yetu kila siku. Ijumaa akapita, akamsalimu baba, akaenda zake. Jumamosi vilevile. Kila alipopita nilisimama nyuma ya mlango nikiwa na ufagio mkononi bila kufagia.

Jumanne nilifikiri kusema kichwa kinaniuma. Kisha nikaona kwamba nikibaki ndani kwa kichwa, ni kubaki ndani tu. Nikamwomba mama doti yake moja iliyochakaa, nikaenda.

Niliwakuta sita. Sikwenda ubaoni. Nilimwendea mama wa vitumbua, nikasema, "Shikamoo, mama. Naomba usimame."

"Marahaba. Kumbe una sauti!"

Akasimama. Nikamfunga kanga moja kiunoni na nyingine nikamtanda kichwani. Nikapiga magoti na chaki. Nikatia duara pale anapokalia. Nikatia mstari kwenye magoti, msalaba mahali ncha mbili zinapopandana, kisha alama kwenye paji la uso, kwenye mabega na mgongoni.

"Taratibu, unanitekenya!"

"Tulia, mama, unapimwa," mmoja akamwambia. "Wanakutengenezea behewa."

Nilipomaliza nikazifungua kanga zote mbili, nikazitandaza sakafuni, nasi tukazizunguka kuzitazama. Alama hazikuwa pale tulipodhani. Sehemu kubwa ya mji ilikuwa imefichika ndani, haionekani na mtu. Pindo, ambalo mimi nililichora kama uzio tu, ndilo lililokuwa likizunguka miguu na kuonekana kwa mbele mtu anapokuja. Na katikati, mahali pangu pa jicho, palikuwa nyuma, ndani ya lile duara.

Kuanzia hapo daftari sikulifungua. Walikuwa wakigombana.

"Kitu kizito kiwe chini, kwenye pindo, juu kuwe kwepesi."

"Ukiweka ua moja kubwa hapo nyuma, mtu mnene ataonekana ana mzigo."

"Na wewe mwembamba litakusaidia!"

"Msijaze. Nguo ikijaa inakuwa kama chumba cha wapangaji wanane, jicho halina pa kukaa."

Mama wa vitumbua alikuwa bado ameinama juu ya kanga. "Maua yawe madogo madogo," akasema polepole, "tena yasiwe na juu wala chini. Maana mtoto akilia unajifunga upesi. Nani anatazama juu ni wapi?"

Hilo halikuwamo katika daftari la mwalimu. Nililiandika mwishoni, chini ya maneno yake manne.

Wiki zilizofuata wengine walirudi, kila mmoja na kanga yake ya kutiwa alama. Chaki ya ukumbi ikatuishia, tukatumia vipande vya mkaa kutoka kwenye jiko la vitumbua. Mwalimu aliporudi, mtoto mgongoni, alikuta wanawake kumi na mmoja wamepiga magoti sakafuni wakibishana juu ya pindo, na mimi katikati yao nikibisha pia. Akasema ataomba nibaki, lakini kwanza nipate ruhusa ya baba.

Jioni hiyo kabla ya magharibi mama wa vitumbua alikuja barazani kwetu na sahani iliyofunikwa.

"Jirani," akamwambia baba, "binti yako alitaka tuukalie msikiti!" Akamsimulia yote, tangu kuba mpaka mkaa, akicheka hadi kukohoa. Hakujua habari ya sharti. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Baba hakucheka. Alipoondoka mgeni, akaniita.

"Walikucheka?"

"Walinicheka, baba."

"Watu wangapi?"

"Wote."

Akafunua sahani, akala kitumbua kimoja taratibu.

"Na bado wanakuja?"

"Wanakuja."

"Ule msikiti uko wapi?"

"Nimeukunja. Uko chini ya mkeka wangu."

"Utoe chini ya mkeka," akasema. "Uweke mahali pa juu."

Akaenda kusali. Alhamisi asubuhi, alipokwisha kwenda kazini, nilikuta juu ya meza vipande vitatu vya chaki nene, ile ambayo mafundi wa karakana hutilia alama vyuma. Mama alivitazama, akaniuliza kama doti yake ingerudi na madoa tena.