Cheni ya Mii

Akaiti hakuwahi kushika spana mpaka alipotimiza miaka sitini na sita, na alipoishika aliishika kwa kificho, kama mtu anayeiba.

Kabla ya hapo spana zote zilikuwa za mumewe. Nooroa alikuwa fundi wa pikipiki wa kijiji cha Titikaveka tangu siku zile Akaiti alipokuwa msichana aliyeletwa na meli kutoka kisiwa cha Mangaia kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha juisi mjini. Gereji yake ilikuwa banda la mabati ubavuni mwa nyumba, karibu na makaburi ya wazazi wake. Wateja walisubiri kwenye benchi lililokuwa kati ya banda na makaburi, wakinywa chai ya Akaiti na kusengenya nusu ya kisiwa chao cha Rarotonga.

Wapo mafundi wanaotengeneza kimya kimya wakakukabidhi chombo chako. Nooroa hakuwa hivyo. Hakukuachia pikipiki mpaka uelewe alichokifanya.

"Nani kakupa hii?" alikuwa akiuliza, ameinua chupa ya oili mbele ya uso wa mtu. "Hii ni ya gari. Imetiwa dawa ya kutelezesha. Gari halijali, klachi yake iko mbali, kavu. Pikipiki yako klachi inaogelea humu humu kwenye oili ya injini. Ukiitia hii, itateleza kama mguu juu ya mwani. Kelele utapiga, kwenda hutaenda. Soma chupa, ndugu yangu. Kama haikuandikwa ya pikipiki, kaangia samaki."

Kisha angehamia kwenye cheni. Bahari ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, na chumvi yake haikulala. Ioshe kwa mafuta ya taa na brashi laini, ikaushe. Ipake oili ingali na joto la safari, upande wa ndani, halafu iache ipumzike. Ichezeshe juu na chini kwa kidole: upana wa vidole viwili. Ikizidi, itaruka. Ikipungua, siku utakayompakia shangazi yako mnene itakatika. Na nati ya ekseli, ile inayoshika gurudumu la nyuma, ikazwe mwisho kabisa, kwa spana ndefu, halafu uiguse tena kabla hujaondoka.

Akaiti aliyasikia hayo kwa zaidi ya miaka arobaini kupitia dirisha la jiko, akimenya taro, magimbi ya kwao. Hakuyatafuta. Yalimwingia kama nyimbo za kanisani zinavyomwingia mtoto.

Mtu wa kwanza kurudi analalamika alikuwa Tutai, dereva wa basi, mtu wa tumbo na mizaha.

"Papa Nooroa, umenitengenezea nguruwe," alisema akishuka. "Analia kwelikweli, lakini mlima wa hospitali haupandi. Nimepitwa na bibi mmoja anatembea kwa miguu. Akanipungia mkono!"

Watu wa kwenye benchi walicheka. Nooroa hakucheka. Aliitazama pikipiki kama anayeiona mara ya kwanza, akasema hajaigusa. Tutai akacheka zaidi, akidhani ni utani. Akaiti akatoka jikoni anajifuta mikono, na alipopita kwenye pipa la taka aliona chupa tupu juu kabisa. Oili ya gari.

"Ni mimi, Tutai," alisema. "Nilimnunulia chupa mbaya. Macho yangu haya."

Hakujua kama ataweza kusema uongo mpaka ulipomtoka. Ulitoka laini, na Tutai akamsamehe papo hapo kwa kipande cha keki.

Tangu siku hiyo alianza kuangalia. Aliona mumewe akisimama katikati ya banda na bisibisi mkononi, akitafuta bisibisi. Alimwona akimimina oili kwenye injini ambayo ilikuwa imeshajaa. Kwenye meza ya chakula Nooroa alimuuliza mara mbili kama Teokotai, mtoto wao, amerudi kutoka shule. Teokotai alikuwa na miaka arobaini na mbili, anaishi Auckland, New Zealand, baba wa wajukuu wao watatu.

Akaiti hakumwambia Teokotai. Hakumpeleka mumewe kwa daktari. Alijua yatakayofuata: Teokotai angekuja na ndege, angefunga banda na kumchukua baba yake kwenda kukaa kwenye ghorofa lenye baridi akitazama ukuta. Na kwenye banda lile Nooroa bado alikuwa mtu. Asubuhi angeweza kukosea jina la mkewe, lakini ukimpa cheni mkononi, sauti yake ilirudi, na mabega yakarudi, na mizaha.

Kwa hiyo akajifunza spana. Nooroa alipojilaza mchana baada ya kula, yeye aliingia bandani na kukagua kila pikipiki kabla mwenyewe hajaifuata. Alichomoa kijiti cha oili akanusa. Aliweka vidole viwili chini ya cheni. Alikaza nati kwa uzito wake wote mpaka mgongo ukamuuma siku tatu. Alikuta plagi iliyosahauliwa, na siku moja akakuta breki ya nyuma haikuunganishwa kabisa, akakaa chini kwenye sakafu ya saruji na kulia kidogo, kisha akainuka akaiunganisha.

Miaka miwili ilipita hivyo. Hakuna pikipiki iliyorudi. Akaiti alianza kuamini kwamba ameweza.

Dada yake alipofariki Mangaia, ilimbidi aende. Aliagana na Nooroa kwa siku nne. Alifunga banda kwa kufuli, akaficha ufunguo ndani ya kopo la chai, akamwomba jirani awe anampelekea chakula.

"Usifungue gereji, Nooroa. Umesikia?"

"Kwani mimi mtoto?"

"Sema umesikia."

"Nimesikia, nimesikia. Nenda ukamzike dada yako." Alimshika shavu kwa kiganja chake kigumu. "Alikuwa na sauti nzuri yule."

Ilikuwa asubuhi njema. Alikumbuka hata sauti ya shemeji yake. Akaiti akapanda ndege na moyo mwepesi.

Mii alikuwa mtoto wa Tuaine, mama aliyeongoza kwaya ya kanisa, nyumba ya nne kutoka kwao. Alikuwa nesi, miaka ishirini na sita, msichana wa kucheka hata akiwa peke yake barabarani. Alipokuwa mdogo Nooroa alikuwa akimkalisha juu ya sanduku la vifaa na kumpa nati azipange kwa ukubwa. Siku ya tatu baada ya Akaiti kuondoka, Mii alikuja kwa pikipiki yake, na cheni mpya ndani ya boksi.

Nooroa alivunja kufuli lake mwenyewe kwa nyundo. Alitoa gurudumu la nyuma, akabadilisha sproketi mbili, vigurudumu vya meno vilivyokuja na cheni, akafunga cheni, akaipima kwa vidole. Jirani aliyemletea chakula alisema baadaye kwamba mzee alikuwa na furaha, alikuwa akiimba. Alimweleza Mii yote, tangu chumvi mpaka shangazi mnene, na Mii akacheka mahali pa kuchekea. Alimbusu mzee, akapanda, akaenda.

Asubuhi iliyofuata, mvua ikinyesha, Mii alikuwa akielekea kazini. Kwenye kona ya ukuta wa matumbawe gurudumu la nyuma lilisogea mbele, cheni ikaruka, ikajibana, gurudumu likaganda. Walimfikisha kwenye hospitali ileile alikokuwa akifanya kazi. Wenzake ndio waliomfunika.

Akaiti alipata simu akiwa bado Mangaia, akisubiri ndege iliyochelewa siku mbili. Aliyempigia alisema tu kwamba Mii amepata ajali ya pikipiki na amefariki. Akaiti hakuuliza ilikuwaje. Alikaa juu ya begi lake, kwenye nyasi za uwanja wa ndege, na mtu mmoja akamletea maji, akidhani analia kwa ajili ya dada yake.

Polisi waliikagua pikipiki. Nati ya ekseli ilikuwa imezungushwa kwa vidole tu. Afisa aliyekuja kumhoji Nooroa alikuwa kijana wa kijiji kilekile, na aliuliza maswali matatu, akafunga daftari lake. Mzee alikuwa amemuuliza kama ameleta pikipiki.

Siku ya tatu baada ya mazishi Akaiti alikwenda kwa Tuaine. Kaburi lilikuwa mbele ya nyumba, saruji bado mbichi, mashada ya maua yameanza kusinyaa. Tuaine alikuwa ameketi kwenye baraza, hajafunga nywele.

"Nimekuja kukuambia jambo," Akaiti alisema. Alibaki amesimama. "Nilijua. Nimejua miaka miwili kwamba Nooroa hayuko sawa. Nilikuwa napita nyuma yake, nakagua. Safari hii sikuwepo."

Tuaine aliinua macho kutoka kaburini.

"Unadhani ulikuwa unajua peke yako?" aliuliza.

"Unasema nini?"

"Wote tulijua, Mama Akaiti. Tutai alijua. Mchungaji alijua. Tulikuwa tunaleta pikipiki kwenu ili mzee asivunjike moyo. Tukitoka kwenu, tunapitia kwa fundi wa mjini aikague upya. Kijiji kizima. Hata mimi."

Akaiti alishika nguzo ya baraza.

"Na Mii?"

"Mii alikuwa Auckland kwenye masomo mpaka Februari." Sauti ya Tuaine ilipasuka. "Alirudi, akasema anampelekea Papa Nooroa cheni. Nikamtazama akiondoka na boksi lake. Nilikuwa na unga mikononi. Nikasema moyoni, nitamwambia jioni apitie mjini. Jioni akaja anaimba ule wimbo wa mzee, anafurahi, nikaona aibu. Nitaanzaje kumsema mzee? Nikasema, kesho."

Akaiti alinyoosha mkono. Tuaine aliutazama mkono ule, wenye oili nyeusi kwenye mikunjo ya vidole ambayo haikutoka tena hata kwa sabuni.

"Usinishike," alisema. "Siwezi. Nenda nyumbani."

Akaenda.

Teokotai alikuja, kama Akaiti alivyojua angekuja. Lakini hakumchukua baba yake. Alimtazama siku tano, akamwambia mama yake kwa sauti ndogo kwamba safari itamuua. Alizifungasha spana zote, akampelekea yule fundi wa mjini, akaacha misumari mitupu ukutani. Nooroa alikuwa akienda kusimama mbele ya misumari ile, mikono imening'inia.

"Mii hajaja?" aliuliza wiki ile ya kwanza. "Cheni yake iko tayari."

Akaiti aliona hana haki ya kumdanganya tena. Alimkalisha, akamshika mikono yote miwili, akamwambia: Mii amekufa. Pikipiki ilianguka. Nati haikukazwa.

Aliielewa. Hilo ndilo Akaiti hakulitegemea. Uso wake ulifunguka, akawa Nooroa mzima kabisa, fundi yule wa miaka yote, na akatoa sauti ambayo Akaiti hakuwahi kuisikia kwa mwanadamu. Alilia mpaka jua likahama upande wa pili wa nyumba. Alisema jina la Tuaine. Alisema, "Mimi? Mikono yangu hii?" Kisha akalala usingizi hapo hapo kwenye kiti, na alipoamka alisema ananusa chai, akauliza kama Mii ameshapita.

Akaiti hakumwambia tena. Alijibu, "Bado, baba," au, "Yuko kazini leo." Wakati mwingine mara tisa kwa siku. Kila mara ilimbidi amzike Mii upya, peke yake, huku akitabasamu.

Wateja hawakuja, lakini watu walikuja. Tutai alileta samaki kila Ijumaa na kutania vilevile, ila macho yake hayakukaa mahali. Akaiti alipokea samaki. Alitaka kumuuliza: na wewe, siku ile ya nguruwe, uliniamini kweli? Hakuuliza. Kanisani alikaa upande wa kushoto na Tuaine alikaa upande wa kulia, mbele, kwenye kiti chake cha siku zote. Kwaya iliendelea kuimba, lakini Tuaine alifungua kitabu tu na kukitazama. Sauti za wanawake wengine zilizunguka pale sauti yake ilipokuwa ikikaa, hazikupajaza.

Nooroa alifariki mwezi wa Julai, kwa homa ya mapafu, mwaka mmoja na miezi minne baada ya Mii. Siku zake za mwisho hakuongea. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vikipandisha na kushusha ukingo wa shuka, vikipima, na Akaiti aliviachia shuka.

Walimzika kando ya wazazi wake. Kijiji kizima kilikuja, kofia nyeupe za ukili zimejaa uani mpaka barabarani, na pikipiki zimeegeshwa pande zote mbili hadi kwenye nyumba ya sita. Tuaine alikuja mwisho. Alisimama nyuma karibu na banda tupu, na watu walipoimba hakuimba.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kula, alipita mbele. Aliweka shada lake la maua juu ya mengine, bila haraka, akainuka. Wanawake wawili walikuwa ana kwa ana kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya baraza. Akaiti hakuthubutu kunyoosha mkono.

Tuaine alimtazama kuanzia usoni mpaka kwenye gauni jeusi lililokuwa likimpwaya.

"Umekonda," alisema.

"Ndiyo."

"Kuna taro kule, na kuku. Nenda ukale."

Akageuka, akapita katikati ya watu kuelekea barabarani, hakusimama kuongea na mtu. Akaiti alimfuata kwa macho mpaka alipoingia kwake. Kisha mjukuu wake mmoja akamletea sahani. Alikaa kwenye benchi na kula, polepole, chote kilichokuwamo, na machozi yakimdondoka ndani ya chakula.