Spika Nilizozika Ukutani

Mke wangu alinionya mapema, na mimi nikamjibu vibaya. Tulikuwa sebuleni, mimi na patasi mkononi, yeye na sufuria ya maziwa. Aliuliza kwa nini nisiweke zile spika kwenye boksi kama watu wengine.

"Ukiweka kwa ukuta zitakaa hapo hapo," alisema. "Boksi unabeba tu, unapeleka penye unataka."

"Boksi utaifunika na kitambaa," nilimwambia. "Juu uweke maua ya plastiki. Panya waingie nyuma. Wewe wacha."

Kiburi tu. Nilikuwa fundi wa umeme kwenye kiwanda cha chai, miaka ya tisini, na siku moja nilitumwa kurekebisha swichi nyumbani kwa meneja. Huko nikaona spika zimezama ukutani, hakuna boksi, hakuna waya, muziki unatoka kwenye nyumba yenyewe. Nilirudi kwetu, upande wa Merigi, nikiwa siwazi kitu kingine. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, na stima haikuwa imefika. Lakini nilikuwa na redio ya gari inayocheza kanda, betri, na spika mbili zilizotolewa kwenye pikapu iliyopinduka. Nikajiona nimefika.

Kazi yenyewe niliifanya kwa ajili ya baba. Mama alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, akatuachia kanda moja ya kwaya ya kanisa. Katika wimbo wa tatu anaimba ubeti mmoja peke yake, kwa ile sauti yake nzito ambayo kwaya nzima iliiegemea. Masikio ya baba yalikuwa yanaziba pole pole, na sasa kifua kilikuwa kimemlaza hospitalini. Kila nilipomtembelea aliuliza kama ile kanda bado iko. Nilimwahidi kwamba akirudi atamsikia mama, tena atamsikia kutoka ukuta mzima.

Nikatoboa ukuta kati ya nguzo na kuzungushia mbao. Akina mama wa kanisani wakaja, kama wanavyokuja mgonjwa anapokaribia kurudi nyumbani, wakakanda udongo na mavi ya ng'ombe na kupaka vizuri hadi ukingo wa spika. Nilipojaribu, mama aliimba sebuleni mpaka mke wangu akaweka chini alichokuwa amebeba. Alikuwa yeye kabisa.

Baba alirudi siku ambayo betri ilikuwa sokoni ikichajiwa. Alikaa sebuleni muda wa kikombe kimoja cha chai, na blanketi mbili, akaanza kutetemeka.

"Nipelekeni jikoni," alisema.

Kwetu mzee akishindwa na baridi hulala jikoni, kile kinyumba cha kando, karibu na moto, na hakuna anayebishana naye. Tukamtandikia huko, ng'ambo ya uwanja.

Kesho yake betri ilirudi. Nilifungulia redio hadi mwisho na kuacha milango yote wazi. Mvua ya mchana ikashuka kwenye mabati. Nilivuka uwanja mbio, nikamkuta baba ameweka kiganja nyuma ya sikio, anaangalia mlango.

"Umefungulia?" aliniuliza.

Nyuma yangu kwaya nzima ilikuwa inaimba.

Tulimbeba kwa kiti hadi sebuleni. Akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi, mke wangu akasema basi, tumrudishe. Jirani alikuwa na redio kaseti, lakini ilijulikana kwa kutafuna kanda, na kanda yetu ilikuwa moja. Siku ya nne baba alikataa uji. Hapo nilichanganyikiwa. Nilichukua jembe nikaupiga ule ukuta uliopakwa na akina mama, nikaupiga huku nalia, na mke wangu hakunizuia. Spika moja ilipasuka karatasi yake katikati. Ya pili ilitoka nzima, na vumbi lake.

Nikabeba kila kitu hadi jikoni, nikaunga waya, nikaishika ile spika tupu karibu na sikio la baba. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya redio iliyo ndani ya mkebe. Ubeti wa mama ukafika. Nilikuwa namwangalia usoni.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mama, baba. Ni yeye."

Akasikiliza hadi ubeti ukaisha.

"Hapana. Mama yenu alikuwa na sauti nene. Huyu ni mtoto." Akanishika mkono kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyedanganywa. "Ile kanda ilipotea. Si makosa yako."

Yalikuwa yangu, na niliyajua. Spika haitoi sauti nzito bila kitu cha kuifunga nyuma. Ukuta ulikuwa unafanya kazi hiyo, na mimi nimeubomoa. Asubuhi nilikwenda kiwandani, nikaomba sanduku kuukuu la chai, yale ya plaiwudi, nikarudi nalo kichwani. Nilikuwa uwanjani nakata tundu la spika wakati mke wangu alipotoka jikoni na kusimama mlangoni.

"Wacha kukata," alisema.

Niliendelea kukata mpaka tundu likakamilika. Sikujua nifanyie mikono yangu nini.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, niliifunga spika kwenye lile sanduku, nikaliweka jikoni, pale kitanda cha baba kilipokuwa. Nikarudisha kanda hadi wimbo wa tatu. Mama akaimba, na sauti ilikuwa nene, vifuniko vya sufuria vikatetemeka kwenye rafu. Mke wangu alikuwa akichochea moto, akaacha.

"Ni yeye, baba," nilisema, kwa sauti kubwa, ile niliyozoea kumsemesha nayo ili asikie.