Parachuti Iliyokuja Imefungwa

Nilikuwa nikisema, na soko lote la Arua ni shahidi wangu, kwamba hajazaliwa mtu wa kunishangaza mimi Rajabu. Nilianza na mifuko miwili ya viatu vya mitumba nikiwa sijamaliza darasa la nne, nikalala juu ya malori pale Vurra nikingoja forodha wafungue, nikafanya biashara na Wakongo, na Wasudani, na watu wa Kampala wenye maneno matamu, na leo nina maduka matatu, mawili Arua na moja Koboko, na nyumba ya vigae. Nimewahi kuletewa dola za bandia taa zikiwa zimezimika nikazitambua kwa kidole tu (waulizeni walioniletea). Kwa hiyo ninapowaambia kwamba niliaibika mbele ya umati wa Koboko, mchana kweupe, kipaza sauti kikiwa mkononi mwangu mwenyewe, mjue si jambo jepesi kwangu kulisema. Ninalisema kwa sababu siku ile nusura niue mtu.

Mtu huyo ni mdogo wangu Yasini.

Marehemu baba yetu alikuwa askari wa miamvuli, wale wanaorushwa kutoka kwenye ndege. Alirudi Koboko na mguu mmoja mbovu na bereti moja, na kila alipowaeleza watu jinsi ardhi inavyoonekana kutoka juu, kwamba Koboko yote inaenea kwenye kiganja, walimcheka. Walimwita Mzee Mwamvuli. Hata sisi wanawe tulicheka, nisiseme uongo. Yasini peke yake hakucheka. Alikua, akaingia jeshini, akaruka kama baba, kisha akatoka na kurudi kijijini Abuku kulima muhogo, mtu mkimya asiyependa makuu, kinyume changu kabisa.

Mzee alipotimiza mwaka tangu afariki nikaamua hitima yake isiwe ya wali na nyama tu. Nikasema baada ya dua, kwenye uwanja wa mpira, Yasini atashuka kutoka angani mbele ya Koboko nzima, ili kila aliyemwita baba mwongo afunge mdomo. Ndege ndogo ya kukodi nikaipata Arua, ruhusa za wakubwa zikapatikana (msiniulize nilitembea ofisi ngapi), na sheikh akaniambia tu, "Fanya mambo yako ya ndege, lakini dua iishe kwanza, na usiniweke mimi kwenye tangazo." Kilichobaki ni parachuti.

Parachuti mpya ni bei ya lori. Nikasema mimi ni mtu wa mitumba, nimewavisha West Nile yote nguo zilizovaliwa na wengine, kwa nini parachuti isiwe mtumba? Nikaingia mtandaoni na simu yangu, na siku ya pili nikampata mtu aliyejiita Kapteni Dido. Alisema klabu yao ya kuruka huko Ulaya imefungwa, vifaa vimeletwa Kampala, parachuti imerukiwa mara chache tu, na bei yake ilikuwa chini hata ya nusu ya bei nilizoziona kwingine. Picha zilikuwa safi sana. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, cha polepole, cha kumheshimu mtu.

Nikampelekea Yasini picha zile. Akanipigia simu kutoka shambani.

"Kaka, kila parachuti iko na namba yake. Mwambie akupigie picha ya namba. Halafu kuna kadi, ya fundi aliyekunja ile ya akiba, na tarehe, na sahihi yake. Iko wapi kadi?"

"Yasini, wewe unaongea kama karani."

"Na bei hii, kaka. Nani anauza uhai wake bei hii? Mwambie tuende Kampala na fundi, afungue, atazame, ndipo ulipe."

Nikacheka. Nikamwambia, mimi nimeuza mashati laki, sijawahi kuuliza shati namba yake. Hata hivyo nikamuuliza Kapteni (ili mdogo wangu atulie, si kwamba nilikuwa na shaka). Namba akasema atatuma, hakutuma. Nikamwomba tuonane kwa video, mtandao wake ukawa mbaya siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Kisha akasema kuna mteja wa Nairobi yuko njiani na pesa taslimu. Nikatuma nusu jioni ile ile.

Hapa inabidi niwaeleze sheria yetu, maana bila hiyo mtaniona mjinga wa kawaida. Robota la mitumba halifunguliwi kabla ya kulipiwa. Unalizunguka, unalipiga kofi, unalinusa, unaangalia mikanda yake kama imeguswa, unalipa, ndipo unakata. Ukikata mkanda umelinunua, hata ndani kuwe na matambara. Na ukikuta matambara unanyamaza, unatafuta namna ya kuyauza, kwa sababu anayelia sokoni anashusha bei yake mwenyewe. Kwa sheria hiyo nimejenga nyumba. Naye Kapteni Dido aliijua, maana ukurasa wangu umejaa picha zangu nimekaa juu ya marobota, mguu juu ya mguu, na mimi mwenyewe katika zile simu zetu nilikuwa nikimfundisha kazi, nikijisifu. Mzigo ulipofika kwa basi, mfuko mkubwa umeshonwa, una lakiri nyekundu na utepe wa njano, akanipigia.

"Bos, mikanda umeiona?"

"Nimeiona. Haijaguswa."

"Wewe mutu ya marobota, mimi siwezi kukufundisha. Fundi ya Ulaya ndiye alikunja hii. Ukifungua, kazi yake imeharibika, utatafuta fundi mwingine wapi huko Arua? Maliza nusu yangu, weka ndani, ngoja siku yako."

Nilisikia kama anayeongea ni mimi. Nikamaliza nusu yake nikiwa nimesimama pale pale kwenye ofisi ya mizigo, watu wakinitazama, nikafurahi wananitazama. Mfuko nikauweka chumbani kwangu chini ya bereti ya baba, na Yasini alipokuja kuuona nikamzuia mlangoni.

"Utafungua ukiwa angani," nikamwambia, na mimi ndiye niliyecheka.

Siku yenyewe ikafika. Nilikuwa nimetangaza redioni na kwa gari la vipaza sauti, kwa hiyo hata watu wa ng'ambo ya mpaka walikuja. Dua ikasomwa, watu wakala, kisha wote tukahamia uwanjani. Mpango wangu ulikuwa kumvalisha Yasini parachuti pale mbele ya watu, ili waione kwa macho yao, ndipo tumkimbize Arua akapande ndege arudi nayo juu ya vichwa vyetu. Mama aliketishwa mbele, kwenye kiti cha kitambaa, gurbaba yake nyeupe, lile vazi la kujitanda la wanawake wetu, imemfunika mpaka miguuni, na mikononi ameshika bereti ya mzee.

Nikachana mfuko wa nje kwa kisu. Ndani kulikuwa na begi la mgongoni la bluu, zuri, limefungwa vizuri kwa utepe mwingine. Umati ukaguna. Nikamfunga Yasini mikanda mabegani na kifuani kwa mkono wangu mwenyewe (mkono huu hapa). Akaniinamia sikioni.

"Kaka, nipe dakika kumi niifungue."

"Watu wanatazama, Yasini."

"Ndiyo sababu nasema polepole."

Angalieni sasa nilichofanya. Ningeweza kumjibu polepole vile vile. Badala yake nikainua kipaza sauti nikasema kwa Koboko nzima: "Mdogo wangu anaogopa! Anataka kufungua robota la Rajabu! Nyinyi mnanijua, robota la Rajabu linafunguliwa likishalipiwa, na hili limelipiwa lote!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, mmoja akapaza sauti, "Askari, panda ndege, muhogo hautakimbia!" Yasini akatazama chini. Akaanza kukaza mkanda wa paja.

Ndipo nikamwona mama amesimama.

Mama hatembei vizuri siku hizi. Alivuka ule uwanja taratibu, watu wakinyamaza safu moja baada ya nyingine, mpaka akafika akasimama kati yangu na Yasini. Hakuchukua kipaza sauti. Lakini nilikuwa nimekishika karibu, kikayachukua maneno yake yote.

"Rajabu. Baba yako alikuwa anakunja mwamvuli yake peke yake. Sakafuni kwa nyumba yangu, usiku mara mbili, mara tatu. Mimi nilikuwa nashika kamba upande ingine. Hakuna siku alipanda ndege na kitu mutu mwingine amemfungia na yeye hajaona. Fungua."

"Mama, imekunjwa na fundi wa Ulaya. Tukifungua..."

"Hiyo fundi unamjua jina?"

Nikalitazama begi mgongoni mwa Yasini.

"Basi mvue huyu," akasema, akavua gurbaba yake begani na kunigeuzia mgongo, mgongo ule mdogo. "Nivalishe mimi. Kama haina shida, nivalishe mimi, mwanangu, nipande hiyo ndege."

Nimesimama mbele ya askari wa mipaka na bunduki zao. Nimesimama mbele ya majambazi barabara ya Koboko. Sijawahi kusimama mbele ya kitu kama mgongo ule. Nikasogea kando. Yasini akajivua begi, akatandika mkeka, akaanza kufungua.

Kwanza kikatoka kitambaa cha rangi, chekundu na cheupe, kingi, na watu wakashangilia, nami nikapumua, nikafikiri nitawakumbusha wote hawa siku hii mpaka wafe. Yasini hakushangilia. Alifuata kamba moja moja kwa vidole mpaka mwisho wake, na ya nne alipoivuta ikamjia mkononi nzima, kwa sababu ilikuwa imeshikizwa kwa uzi wa kushonea vifungo. Akaniita nije nishike kitambaa. Mimi, ambaye najua nguo gizani! Nikakishika kati ya vidole viwili, nikavuta kidogo tu, kikachanika kama gazeti lililolowa. Kisha akafungua sehemu ya akiba, ile ambayo kubwa ikikataa ndiyo inayokurudisha nyumbani kwa watoto wako, akaingiza mkono na kutoa neti ya mbu. Kuukuu, ina matundu. Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Chini kabisa kulikuwa na mto wa kulalia.

Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Bos, hiyo robota ya nyavu unauza bei gani?" na Koboko nzima ikaanguka kwa kicheko, watoto, wazee, hata wale niliowakodi kunitangaza. Kipaza sauti bado kilikuwa mkononi mwangu. Nikajaribu kumpigia Kapteni Dido pale pale, simu yangu haina salio, nikanunua la mia tano kwa mama muuza karanga, nikapiga. Namba haipatikani. Hiyo nayo waliisikia wote, maana nilikuwa nimesahau kukizima.

Jioni watu walipoondoka nilimkuta Yasini bado kwenye mkeka, anakunja kile kitambaa kilichochanika, vizuri, kona kwa kona, kama kitu cha maana. Nikakaa chini karibu naye.

"Uliona kwamba ni bandia?"

"Nilikuwa na shaka tangu zile picha."

"Na mama asingesimama, ungepanda?"

Akakunja kona nyingine. "Ulishasema mbele ya watu, kaka. Ningefanya nini?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. Ana watoto wanne yule, na mdogo kabisa alikuwa amelala pembeni ya mkeka, amejifunika neti ya Kapteni Dido.

Baba hakupata heshima niliyomwahidi, ingawa mama ananiambia alipata, kwamba siku ile kila mtu Koboko alijifunza kwamba mwamvuli ni kitu cha kuogopwa, na kwamba mzee wake alikuwa akiruka nacho kweli. Mimi sasa naitwa Bos Neti, Arua hadi Vurra. Sheria ya soko inasema ninyamaze na matambara yangu, nami nimeivunja kwa kuwaeleza haya, na nimeivunja tena dukani: anayekuja kwangu kununua robota nampa kisu kabla hajatoa pesa. Wenzangu wanasema nimeharibika kichwa. Kitu ambacho mtu ataweka uhai wake juu yake, nimeapa mbele ya mama, sitakinunua tena kwa picha, wala kwa haraka, wala kwa mtu asiyetaka kifunguliwe, na mdogo wangu akiniinamia sikioni nitamsikiliza sikioni.

Parachuti, nauli ya basi, malipo ya ndege ambayo haikuruka na hayarudishwi, redio, gari la vipaza sauti, na lile salio la mwisho, nimezijumlisha mara nyingi na haziongezeki wala hazipungui: shilingi milioni tisa, elfu arobaini na tano, na mia tano.